Gemu za koini sebuleni: mwongozo kamili, pamoja na sahani ya visoda

Kila Desemba nyumba yetu ya Majengo, hapa Moshi, hujaa kama stendi. Ndugu wanapanda kutoka Dar, wengine Mwanza, mbuzi wa ndafu anafungwa nyuma ya jiko, na sebuleni nabaki na wapwa saba walioinamia simu. Mwaka mmoja nikaamua kuwaonyesha gemu nilizokulia: zile za kwenye kabati la mbao, kijiti na vitufe, unadumbukiza sarafu ya shilingi mia, ukifa mwenzako yupo mgongoni anakusukuma utoke. Makabati yale mjini yalishakwisha. Gemu zenyewe zipo, zimefungashwa ishirini ishirini ndani ya diski moja ya PlayStation.

Nikawawekea Final Fight ya Capcom, ya mwaka 1989. Mpwa wangu wa darasa la sita akaimaliza kabla ndizi hazijaiva jikoni. Anakufa, anabonyeza kitufe cha koini, anafufuka palepale. Anakufa tena, anabonyeza tena. Mwisho akaweka padi chini: "Mjomba, hili gemu fupi halafu rahisi." Mimi kwenye gemu hilohilo niliacha nauli za muhula mzima na bosi wa mwisho, lile adui kubwa la kufungia gemu, sikuwahi kumtia machoni.

Mtoto hakukosea. Gemu hizi zilitungwa zikiwa zimeshakadiria mfuko wako. Urefu wake, ugumu wake, wapi bosi anakaa, wapi chakula kimefichwa, vyote vilipimwa kwa koini. Diski ya nyumbani inakupa koini zisizo na idadi, na hapo kinachobaki ni picha zinazopita. Kwa hiyo nitaeleza namna ya kupata mashine, TV na padi, lakini uvumilie mpaka tufike kwenye visoda. Huko ndiko gemu linakorudi.

Hatua ya 1: Ujue kilichomo ndani ya diski

Gemu la zamani linaweza kukufikia nyumbani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni lile lililoandikwa upya kwa ajili ya mashine dhaifu ya nyumbani, na hapo ndipo watu walipopunjwa. Final Fight ilipoingia Super Nintendo, mhusika mmoja, Guy, aliondolewa, na kucheza wawili kukafutwa. Pac-Man ya Atari 2600, ya mwaka 1982, vijini vyake, yaani maadui wanaokukimbiza, vinapepesa kama taa ya koroboi kwenye upepo.

Njia ya pili ndiyo tunayoitaka. Mkusanyiko mzuri unabeba programu ileile iliyokuwa kwenye chipu za kabati, pamoja na emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani. Unapata gemu lilelile na kasoro zake zilezile, na baadhi ya kasoro hizo ndizo utamu wenyewe, nitakuonyesha.

Kwa PS2, yaani PlayStation 2, kuna mikusanyiko minne ninayoithamini. Namco Museum 50th Anniversary ya 2005 ina gemu 14, na nyingine mbili zilizofungwa mpaka ufikishe alama fulani. Humo utakuta Pac-Man, Ms. Pac-Man, Galaga, Dig Dug na Pole Position. Capcom Classics Collection, ya mwaka huohuo, ina 22, zikiwemo Street Fighter II tatu, Final Fight, 1942 na Commando. Taito Legends ina 29, Space Invaders ya 1978 ikiwemo. Metal Slug Anthology ina Metal Slug saba, na kwa watoto wanaopenda vurugu hiyo pekee inatosha likizo nzima.

Kama una PS4 au Nintendo Switch, tafuta Street Fighter 30th Anniversary Collection ya 2018, ina gemu 12 kuanzia Street Fighter ya kwanza hadi Third Strike. Capcom Beat 'Em Up Bundle, ya mwaka huohuo, ina gemu saba za kupiga watu barabarani: Final Fight, Captain Commando, Knights of the Round na wenzake.

Najua swali lako linalofuata. "Na gemu la Mustafa je?" Lile la magari na dinosaria, jamaa wa kofia ya njano anayeruka teke la mbio. Jina lake halisi ni Cadillacs and Dinosaurs, la Capcom, 1993, na yeye ni Mustapha Cairo. Halimo kwenye hiyo mikusanyiko ya Capcom niliyoitaja, kwa sababu lilitokana na hadithi ya vibonzo ya mtu mwingine, Mark Schultz, na kulitoa tena kunahitaji leseni. Gemu lililopendwa kuliko yote vijiweni ndilo lisilo na mkusanyiko. Muuzaji akikuambia "limo humu, kaka", mwambie aliwashe kwanza ndipo utoe hela.

Hatua ya 2: Mashine, na kibandiko cha nyuma

PS2 ndiyo njia ya mtu wa kawaida. Zipo kwa mafundi, zipo kwenye mabanda ya PS yaliyohamia mashine mpya, zipo chini ya kitanda cha binamu yako. Ukienda kuiangalia, nenda na diski yako mwenyewe na usiridhike na menyu ya mwanzo kuwaka. Acha gemu lipakie, cheza dakika kumi, toa diski, rudisha. Ikianza kusaga na kukohoa, lenzi imechoka au ina vumbi. Vumbi ni jambo la pamba na spiriti kidogo. Lenzi iliyochoka ni jambo la kushusha bei au kuondoka.

Halafu geuza mashine usome kibandiko. Hapa nasimulia kwa uchungu. PS2 yangu ya kwanza ilikuwa ile nene, imetoka Japani, niliinunua kwa jamaa aliyenihakikishia kwamba "umeme ni umeme tu". Kibandiko kilisema 100V. Ukutani kwetu ni 230V. Nilichomeka, ikasikika *tap*, kisha harufu ya plastiki iliyoungua, nikainusa kabla sijauona moshi. Dada yangu kutoka jikoni akauliza nani ameunguza maziwa.

Kwa hiyo: kikiandikwa 100–240V au 220–240V, chomeka. Kikiandikwa 100V au 120V peke yake, usiiguse bila transfoma ya kushusha umeme. Slimu nyingi, zile PS2 nyembamba, zina adapta ya pembeni inayotoa 8.5V, hapo unasoma kibandiko cha adapta, na adapta inayofaa inapatikana.

Jambo jingine ni ukanda. PS2 hukubali diski za ukanda wake tu: ya Ulaya na diski za Ulaya, ya Marekani na za Marekani, ya Japani na za Japani. Mashine na diski vilingane, vinginevyo utabaki unatazama kioo chekundu. PS4 na Switch hazina usumbufu huo. PS2 "iliyochipiwa", yaani fundi ameipachika chipu ya kuondoa kizuizi hicho, inakula chochote, lakini diski za kuchoma, zile za kunakili, ndizo zilizonifundisha maana ya lenzi iliyochoka.

Hatua ya 3: TV ya chogo ina kazi tena

Usiitupe. Kama una PS2, TV ya chogo ndiyo rafiki yake. Gemu hizi zilichorwa kwa ajili ya kioo cha namna hiyo: vidoti vinayeyukiana, kingo zinalainika, na ukibonyeza kitufe ngumi inatoka wakati huohuo. Yangu niliikuta kwa fundi wa Mbuyuni, ilikuwa inashikilia mlango usifungwe na upepo. Onyo moja tu: usiifungue nyuma hata kama umeichomoa. Ndani hubaki umeme mkali. Hiyo mwachie fundi.

Picha ikija nyeusi na nyeupe, usikimbilie kununua waya. Diski imetoa NTSC na TV imekaa kwenye PAL, mifumo miwili tofauti ya rangi. Ingia menyu ya TV, tafuta mfumo wa rangi, weka Auto au NTSC. Na diski ya Ulaya ikikuuliza mwanzoni 50Hz au 60Hz, chagua 60. Mashine za koini zilikwenda karibu picha 60 kwa sekunde. Ukizishusha hadi 50, gemu lisiporekebishwa linapungua mwendo kwa moja ya sita, na muziki unaimba kama betri za redio zimeisha.

Kwenye TV flati kuna ugonjwa mmoja mkubwa: kuchelewa. TV inapokea picha, inaisafisha, inaing'arisha, ndipo inaionyesha, na wewe umeshakufa. Ingia menyu ya picha, washa Game Mode, kisha zima kila kitu chenye kulainisha mwendo. Ukitaka kupima, chukua simu yenye video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde. Rekodi kidole chako na kioo pamoja, ruka mara kumi, kisha hesabu picha tangu kitufe kinashuka mpaka mtu anapanda. Kila picha nne za simu ni picha moja ya gemu. Rudia bila Game Mode ulinganishe. Kwenye TV ya shemeji yangu Arusha, pale Sakina, tofauti ilionekana hata bila kuhesabu. Tulipowasha tu, akaacha kulalamika kwamba padi ni mbovu.

Kisha umbo. TV flati hupenda kuvuta picha ijaze upana wote. Kataa. Kipimo changu hakihitaji utaalamu: washa Pac-Man umtazame akiwa amefumba mdomo. Akiwa duara, sawa. Akiwa yai, rudi kwenye menyu ya mkusanyiko au ya TV uweke 4:3. Usishangae Pac-Man, Galaga na 1942 zikakaa katikati kama mlango, weusi pande zote mbili. Vioo vya makabati yao vilisimamishwa wima.

Hatua ya 4: Padi

Kwa gemu za zamani tumia mishale, achana na kijiti cha analogi. Kijiti cha kabati la Pac-Man kilikwenda pande nne tu. Analogi inakwenda kila upande, na kwenye kona kidole kikiteleza kidogo unajikuta umegeukia ukutani, kijini kinakumeza, na lawama unampa mwanao aliyepita mbele ya TV.

Street Fighter II ina vitufe sita, ngumi tatu na mateke matatu, vilivyopangwa safu mbili. Kwenye padi ya PlayStation panga hivi: mraba, pembetatu na R1 ziwe ngumi, kuanzia nyepesi hadi nzito, X, duara na R2 ziwe mateke kwa mpangilio uleule. Mkono unashika ramani ya kabati bila kufikiri. Padi za bei nafuu zina mishale inayojibonyeza kona yenyewe, kwa hiyo dukani sugua kidole kutoka chini kwenda mbele mara kadhaa kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Menyu za ndani

Mwenye kabati alikuwa na swichi ndogo ndani ya mashine: maisha mangapi kwa koini, ugumu, alama ngapi upewe uhai wa ziada. Mikusanyiko mingi imezigeuza kuwa menyu. Ziache kama zilivyotoka kiwandani, isipokuwa kama kuna watoto chini ya miaka minane. Pac-Man kwa kawaida ni maisha matatu na uhai wa ziada kwenye alama 10,000. Ukiweka maisha matano, alama zako huwezi kuzilinganisha na za mtu mwingine.

Mikusanyiko mipya ina kitufe cha kurudisha muda nyuma na sehemu ya kusevu popote. Kusevu ni kwa mazoezi: unasevu mlangoni kwa bosi, unamsoma mpaka umjue. Kwenye mechi ya kuhesabiwa ni marufuku. Kurudisha muda nyuma mimi nimekuzima kabisa.

Hatua ya 6: Sahani ya visoda

Desemba haina uhaba wa visoda. Kusanya, osha, weka kwenye sahani juu ya TV au mezani. Kila mtu anapewa vitano kwa jioni. Kitufe cha koini kikibonyezwa, kisoda kimoja kinatoka kwako kinaingia kwenye kopo. Vikiisha, umekuwa mtazamaji. Kukopa kwa mwenzako ruksa, riba hakuna, na deni linalipwa kesho yake kabla hujashika padi.

Jioni ya kwanza ilikuwa vilio. Yule wa darasa la sita alimaliza visoda vyake vitano kwenye hatua ya pili ya Final Fight. Ya pili yake nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu niko kaptula: amebakiza kisoda kimoja, amekifumbata kiganjani, hachezi. Amekaa nyuma ya binamu yake anatazama. Anatazama maadui wanatokea upande gani, pipa lipi lina nyama ndani, bosi anafanya nini kabla ya kushambulia. Baada ya nusu saa akainuka, akakitumia, akafika mbali kuliko alivyofika kwa vitano vya jana. Kijiweni sisi tulijifunza hivyohivyo, kwa macho, kwa sababu mfukoni hamkuwa na kitu.

Idadi ipange kulingana na gemu. Pac-Man na Galaga kisoda kimoja ni mechi moja kamili, hakuna kuendelea. Final Fight na Metal Slug, vitano kwa watu wawili wanaocheza pamoja ni mtihani mzuri. Street Fighter II ni sheria ya kijiwe: anayepigwa anatoka na analipa, anayeshinda anabaki bure.

Hatua ya 7: Uanze na lipi

Anza na Pac-Man, hata kama watoto watacheka. Ilitoka 1980 Japani, kazi ya Toru Iwatani wa Namco, na watu wengi wanaicheza maisha yao yote wakidhani vijini vinne vinakimbia ovyo. Kila kimoja kina akili yake. Chekundu, Blinky, kinakufuata pale ulipo, na punje zikibaki chache kinaongeza mwendo. Cha waridi, Pinky, kinalenga vigae vinne, yaani miraba midogo ya uwanja, mbele ya uso wako, ndiyo maana daima kinakukata njia. Cha samawati, Inky, kinapiga hesabu kwa kutumia wewe na Blinky, hivyo Blinky akiwa mbali nawe, Inky anatangatanga. Cha chungwa, Clyde, kinakujia mpaka vigae vinane, halafu kinaingiwa na woga na kurudi kwenye kona yake ya chini kushoto.

Ukishajua hilo, vichochoro vinafunguka. Pinky akikujia uso kwa uso, usigeuke, mwendee. Kwa kuwa analenga mbele yako, ukimkaribia lengo lake linaangukia nyuma yake, na akikuta njia panda atageuka akuachie. Mara ya kwanza mpwa wangu wa kike alipofanya hivyo alipiga kelele mpaka mbuzi akaitikia.

Kona ni mali yako. Bonyeza upande unaotaka kabla hujafika kwenye kona, Pac-Man ataikata kwa mshazari, vijini haviwezi. Kula punje kunakupunguza mwendo kidogo, kwa hiyo ukifukuzwa kimbilia vichochoro ulivyokwisha kuvila. Kwenye mapito ya pembeni vijini vinakwenda polepole sana, huko ndiko kupumulia. Uwanja una punje 240 za alama 10 na kubwa nne za alama 50. Punje kubwa usiile kwa hofu: subiri vijini vikusanyike, ndipo uile, kwa sababu cha kwanza ni 200, kisha 400, 800 na 1,600. Hiyo 1,600 ni sawa na punje ndogo 160.

Na ukijaliwa mikono ya malaika, hatua ya 256 nusu ya kulia ya kioo inageuka takataka za herufi na namba. Hesabu ya hatua inakaa kwenye baiti moja, ambayo mwisho wake ni 255. Hiyo ni mojawapo ya zile kasoro nilizosema zimebaki. Nyingine iko Space Invaders: mashine haikumudu kusogeza wavamizi wote 55 kwa mpigo, kwa hiyo kadiri unavyowaua, waliobaki wanakwenda kasi zaidi. Mtunzi wake, Tomohiro Nishikado, akaiacha hivyo.

Galaga, ya 1981, ifuate. Siri yake ni kujitoa mhanga. Wale maadui wakubwa wa juu, wanaokufa kwa risasi mbili, hushuka na kutoa mwanga unaonasa ndege yako. Jiache unaswe mapema, ukiwa bado na maisha mengine. Ukinaswa kwenye uhai wa mwisho mechi imekwisha. Mtekaji akishuka tena na ndege yako, mpige yeye, usiipige ndege, na mpige akiwa anashuka, si akiwa amepanga foleni. Ndege inarudi kuungana na yako, unapiga bunduki mbili. Usifyatue ovyo: risasi zako kioo kinaruhusu chache tu kwa wakati mmoja, ukikosa unasubiri zitoke nje ndipo upige tena.

Final Fight mchukue Haggar, meya wa mji, kama huna mwalimu. Ni mzito lakini ana mikono. Usikae katikati, watakuzunguka. Simama ukingoni ili waje upande mmoja. Kumshika adui unamsogelea tu, hakuna kitufe, na ukiwa umemshika Haggar ruka kisha piga, utamgongesha chini na wenzake watalala naye. Vitufe viwili kwa pamoja vinatoa pigo la kujiokoa, ila linakula uhai wako likimpata mtu. Mapipa yavunje, lakini nyama iache chini mpaka uihitaji.

Street Fighter II, ya 1991, ndiyo itakayogombanisha ukoo. Kwenye mkusanyiko utakuta matoleo mengi, na mgeni hajui aanzie wapi. Mwekee Champion Edition ya 1992, ambapo wahusika wote 12 wanachaguliwa, hata wale mabosi wanne. Aduken tuliyokuwa tunaipiga kelele, lile kombora la Ryu na Ken, ni chini, chini-mbele, mbele, pamoja na ngumi. Kwa watoto nasema "chora robo ya sahani". Ikikataa, kosa ni moja: ngumi inabonyezwa kabla kidole hakijafika mbele. Mhusika mwingine, Guile, ni wa wavivu wenye subira: shikilia nyuma kama sekunde moja hivi, kisha mbele na ngumi.

Zile ngumi mfululizo ambazo adui hawezi kuzizuia hazikupangwa. Noritaka Funamizu wa Capcom aliziona alipokuwa akikagua hatua ya bonasi ya kuvunja gari, akaona pigo la ziada linaingia, wakaliacha wakidhani ni gumu mno watu wasilipate. Wapwa zangu walilipata tarehe 24, saa nne usiku.

Hatua ya 8: Kauntabuku na rangi ya kucha

Alama za mashine za zamani hufutika ukizima, na umeme wetu unajua kuzima bila kuaga. Mkusanyiko unasevu, ila PS2 ikikatikiwa inapoandika kwenye memori kadi, faili linaweza kuharibika. Kwa hiyo nina kauntabuku. Tarehe, gemu, herufi tatu za jina kama ilivyokuwa kwenye kabati, alama, na sahihi ya shahidi mmoja ambaye hakuwa anacheza. Rekodi ya Galaga ya nyumba hii imeandikwa MAM. Mama yangu aliingia kuomba wapunguze sauti, akashika padi mara moja, hajaiachia vizuri mpaka leo.

Siku ya tano visoda vikaanza kuongezeka. Kopo linajaa, lakini mikononi havipungui, na yule wa darasa la sita ana mfuko unaogongana kila akitembea. Kumbe kuna baa kona ya pili na mhudumu wake ni mkarimu. Tangu hapo kila kisoda halali kina nukta ya rangi ya kucha upande wa ndani, nyekundu, chupa ya shangazi yao. Ipake jioni, iache ikauke usiku kucha, na chupa ulale nayo wewe.